Upande Mweupe wa Kibao

Beryl Catchpole alikuwa na mwendo wa kusikika. Miaka yote aliyowapikia watoto wa shule mjini Aldersby alivaa viatu vya jikoni vyenye soli ya mbao, na alipostaafu alihama navyo, pamoja na sufuria zake na picha ya marehemu Len, mpaka kwenye Nyumba za Wakfu za Thorold. Uwanja wa pale umetandikwa mawe. Kila asubuhi, kabla kengele ya kanisa dogo haijalia, waliokuwa bado kitandani walimsikia akikatiza uwanja, ko, ko, ko, na Cyril Haddow, muuza nyama wa zamani ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa akifungua dirisha.

"We Beryl! Nani tena kamfungulia farasi wa mkokoteni?"

"Heri farasi kuliko punda wa kuchungulia wanawake dirishani!"

"Nichungulie nini huko? Nimeshauza mifupa ya kutosha maishani!"

Basi ndiyo siku imeanza. Hakuna aliyeuliza kwa nini Beryl, ambaye nyumba yake iko kona hii, kila asubuhi alikuwa na shughuli kona ile.

Shughuli yenyewe ilikuwa kibao. Kila mlango pale una kibao cha mti wa mwaloni, kizito kama ubao wa kukatia mboga, kinaning'inia kwenye msumari uliopigwa kwenye fremu. Upande mmoja mweusi, upande wa pili mweupe. Usiku kinalala cheusi. Mkazi akiamka anakigeuza, ili wenzake wajue kumekucha na bado yupo. Msimamizi akitoka kwenye sala anazunguka uwanja akitazama: penye weupe anapita, penye weusi anabisha mlango. Ni desturi ya tangu zamani sana. Aliyeianzisha ni Bibi Alys Thorold, mjane wa tajiri wa sufu. Yaya aliyemnyonyesha na kumlea alifia kwenye kibanda nyuma ya jumba lake, Bibi Alys akiwa ndani anacheza karata na wageni, na hakuna aliyejua mpaka mbwa walipojua. Inasemekana hakugusa karata tena. Alijenga nyumba kumi za mawe kuuzunguka uwanja, akawaweka humo wajane maskini wa mji, na juu ya lango akachongesha maneno ambayo sasa mvua imeyala nusu: *Penye weusi, bisha.*

Wajane wamekuja na kuondoka. Baadaye wakaruhusiwa na wagane, wanaume waliofiwa na wake zao, ndipo tukapata akina Cyril. Choo kikaingia ndani, umeme ukaja, na siku hizi kila chumba kina kamba nyekundu inayoning'inia ukutani: ukianguka unaivuta, simu inalia mahali fulani, watu wanakuja. Vibao vimebaki vilevile. Watalii wanavipenda, wadhamini wanavipenda, na siku ya kumkumbuka Bibi Alys kasisi huvitaja kwenye mahubiri akiwa na machozi.

Jambo moja tu ndilo wakazi wanaliogopa pale, nalo si kifo. Sharti la wakfu linasema mkazi awe anaweza kujihudumia mwenyewe. Ukibishiwa mlango mara moja, ni utani. Ukibishiwa tena na tena, msimamizi anamwita muuguzi, muuguzi anaandika, wadhamini wanakaa, na wiki chache baadaye gari linakuja kukuchukua mpaka Fernlea, nyumba ya kutunzia wazee iliyoko nje ya mji, nyuma ya kiwanda cha matofali. Hajawahi kuonekana mtu aliyerudi kutoka Fernlea kuja kusalimia.

Noreen Tidy alikuwa akiijua Fernlea kuliko wote, maana dada yake Avis alimalizikia huko. Noreen alikuwa fundi wa kushona mapazia, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, mwizi wa karata asiyeona haya. Yeye na Beryl walikuwa wakinywa chai pamoja kila siku saa nne, wakimsema kila mtu aliyepita dirishani. Noreen ndiye aliyempa Beryl sababu ya kucheka baada ya Len kufa, na Beryl hakulisahau hilo.

"Unajua walikuwa wakimwita nani Avis kule?" Noreen alimwambia siku moja. "Mpenzi. Wote. Mpenzi kunywa dawa, mpenzi fumbua mdomo. Nikamwuliza binti mmoja, huyu anaitwa nani? Akakodoa macho. Akaenda kutazama jina kwenye kitanda."

"Ndiyo kazi yao, Noreen. Wagonjwa ni wengi."

"Mimi sitaki kuwa mpenzi wa mtu nisiyemjua. Nikifa nife naitwa Noreen."

Siku hiyo alikuwa na alama ya kuvilia damu kwenye shavu. Alisema ni mlango wa kabati. Beryl alimtazama, akammiminia chai. Dawa za usiku zilikuwa zinamlaza Noreen mpaka jua liko juu, na akiamka miguu haikumtii. Kamba nyekundu ya kuitia msaada alikuwa ameifunga juu kabisa, kwenye fimbo ya pazia, maana paka wake Askofu alikuwa akiirukia, na mara mbili watu wa zimamoto walikuja wakamkuta Noreen anakoroga uji. Aliona aibu ya kufa. "Afadhali nianguke kuliko wale vijana wanione tena na vibanio kichwani," alisema.

Asubuhi ya kwanza Beryl alifanya bila kufikiri. Kengele ilikuwa imeshalia, kibao cha Noreen bado cheusi, na Bi Prewett, msimamizi, alikuwa ameshatoka mlangoni mwa kanisa akivaa glovu zake. Wiki hiyo Noreen alikuwa ameshabishiwa tayari. Beryl akanyoosha mkono. Tak. Kikawa cheupe. Bi Prewett akapita, akamsalimia, akasifu hali ya hewa.

Walipokutana kwenye chai, Noreen alimshika mkono. Machozi yalimtoka. Kisha akasema, "Na kesho?"

"Kesho nitapita," Beryl alijibu. "Si nina miguu?"

Tangu hapo ikawa kawaida yake. Anageuza cha kwake, anakatiza uwanja, anageuza cha Noreen, anaingia kanisani akiwa ametulia kama mtu aliyekwisha kusali. Saa nne anakwenda na chai, anagonga mara tatu, Noreen anajikokota kufungua mnyororo. Beryl alijiona ndiye aliyebeba wawili. Alijivunia, na kwa nini asijivunie? Ni kweli kwamba majira ya baridi yale alibandika birika la umeme juu ya moto wa gesi, likayeyuka likatoa harufu mbaya nyumba nzima, lakini hilo linaweza kumpata mtu yeyote. Ni kweli pia kwamba asubuhi nyingine alipotoka alikuta kibao chake kimeshakuwa cheupe. Alisimama akakitazama, akatikisa kichwa. Bila shaka nimeshatoka mara moja nikasahau, alisema moyoni, na akaenda zake kwa Noreen.

Mwezi wa sita kila mwaka wadhamini hukodi basi, wakawapeleka wakazi pwani. Mwaka ule basi liliwahi. Dereva alikuwa amesimama langoni, injini inanguruma, Cyril keshakaa kiti cha mbele na kofia ya majani, na Bi Prewett anamhimiza kila mtu kama kuku wanaoingizwa bandani. Beryl alikatiza uwanja haraka. Mapazia ya Noreen yalikuwa yamefungwa, kama siku zote saa ile. Alinyoosha mkono akageuza. Tak. Kisha akasimama.

Kuna kitu kilimwambia abishe. Alikumbuka hilo baadaye, na hakuweza kujidanganya kwamba hakikumwambia. Hata ngumi aliinyanyua. Lakini Bi Prewett alikuwa akitazama upande ule, na ukibisha mlango wenye kibao cheupe utaulizwa unabishia nini.

"Noreen haji?" Bi Prewett aliuliza.

"Haji. Basi linamtapisha."

"Lakini ameamka, nashukuru," alisema Bi Prewett akikitazama kibao. "Haya, panda, Beryl. Bahari haitatusubiri."

Walikula samaki na chipsi kwenye ukuta wa pwani, upepo ukiwapeperushia karatasi. Cyril alikunja suruali akaingia majini, akapiga mayowe kama mtoto. Wote walicheka. Beryl alicheka pia, lakini samaki wake hakummaliza. Siku hiyo hapakuwa na chai ya saa nne, na Nyumba za Thorold hazikuwa na mtu. Alijiambia Noreen ameamka, amejitengenezea chai, anamtukana Askofu. Alimnunulia peremende ya fimbo, ile ya rangi ya waridi yenye jina la mji ndani yake, akaishika mkononi njia nzima ya kurudi mpaka ikaanza kunata.

Jua lilikuwa bado liko juu waliporudi. Kibao cha Noreen kilikuwa cheupe. Mapazia yalikuwa bado yamefungwa, na Askofu alikuwa kati ya pazia na kioo, anafungua mdomo bila kusikika.

Beryl aligonga mara tatu. Akagonga tena. Akaita jina. Aliusukuma mlango, ukafunguka upana wa mkono tu, ukazuiwa na mnyororo, na zaidi ya mnyororo ukazuiwa na kitu kingine chini, kizito, kilaini. Cyril alimvuta nyuma kwa mabega. "Usitazame, mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno bila utani. "Njoo huku. Usitazame."

Noreen alikuwa amejikokota kutoka kitandani mpaka mlangoni. Zulia dogo lilikuwa limekunjamana nyuma yake, na mkononi alikuwa na ndara. Chini ya mlango, kwa ndani, rangi ilikuwa imebanduka pale alipokuwa akipigapiga kwa kisigino cha ndara hiyo, uwanja mzima ukiwa uko baharini.

Baada ya siku chache Bi Prewett aliwaita wote ukumbini. Alikuwa amevimba macho, maana si mwanamke mbaya, ni mwoga wa wadhamini tu. Daktari alikuwa amesema Noreen alianguka alfajiri, kabla ya mapambazuko, akavunjika nyonga, na kwamba alibaki na fahamu muda mrefu, pengine mpaka mchana. "Kinachonifariji," alisema Bi Prewett, "ni kwamba hata katika hali ile alikumbuka wajibu wake. Aligeuza kibao chake. Bibi Alys angejivunia."

Kila aliyekuwa mle alijua mlango ule ulikuwa na mnyororo kwa ndani, na kwamba aliyevunjika nyonga gizani hatoki nje kugeuza kibao kisha akarudi kujifungia. Watu walitazama vikombe vyao. Beryl aliona kitu cha ajabu: hakuwa yeye peke yake aliyeogopa kutazamwa.

"Labda ni Bibi Alys mwenyewe," Cyril alisema mwishowe. "Ana mkono mrefu, yule." Hakuna aliyecheka. Alimtazama Beryl, akaangalia pembeni haraka.

Beryl alifungua mdomo pale. Alitaka kusema. Lakini aliiona Fernlea, aliuona uzio wake na kiwanda cha matofali, akafunga mdomo. Ukisema umegeuza kibao cha mwenzio, utaulizwa tangu lini, na kwa nini, kisha watakuja kutazama na wewe unaishije, watalikuta birika lililoyeyuka ambalo bado hujalitupa. Alinyamaza, akajichukia, akaendelea kunyamaza.

Kilichomwezesha kulala ni kuta. Kuta za Nyumba za Thorold ni za mawe, nene kama urefu wa mkono, na Beryl alijishawishi kwamba ukiwa ndani husikii cha nje, sembuse jirani. Hakunisikia, Beryl alijiambia kila usiku akizima taa. Alikuwa amelala pale hajui lolote. Hakujua nimekuja. Aliyarudia maneno hayo mpaka yakamchosha, na yakimchosha alilala. Viatu vya mbao alivitia kwenye mfuko akaviweka kabatini, akaanza kutembea na raba. Cyril hakufungua tena dirisha kumtania. Nyumba ya Noreen ilipakwa rangi upya, mlango kwanza.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja, Beryl aliamka kichwa kikiwa kizito. Jua lilikuwa limeshaingia kwenye pazia. Hakuwa akiumwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mguuni, akijaribu kukumbuka soksi ya pili inavaliwaje. Ilikuwa imo mkononi mwake, anaiona, lakini mkono haukujua la kufanya. Aliogopa. Kwa mbali aliona ni vizuri mtu akija.

Ndipo alipokisikia kikohozi cha Cyril. Kilikuwa karibu, nje ya mlango, na moyo wake ukafunguka. Alivuta pumzi amwite.

Tak.

Sauti ilimpiga kifuani. Haikutoka nje, ilitoka kila mahali. Msumari ule wa zamani umepita fremu yote mpaka ndani, na kibao kizito kikigeuzwa kinagonga mti mzima, kikombe kikalia juu ya rafu. Miaka yote aliyokaa mle Beryl hakuwahi kuisikia akiwa ndani, kwa sababu alipokigeuza mwenyewe alikuwa nje, na kilipogeuzwa na mwingine alikuwa bado usingizini. Kisha kikohozi kikasogea mbali, na nyayo juu ya mawe, kila hatua inasikika wazi, zinaondoka.

Basi Noreen alisikia. Alikuwa chini pale, macho, nyonga imevunjika, na akavisikia viatu vya mbao vikija kutoka kona ya pili, ko, ko, ko, vya mtu mmoja tu duniani. Alisikia vimesimama mlangoni. Alisikia tak. Akangoja kubishiwa mlango, sauti yake ikimezwa na injini ya basi. Kisha akavisikia vikiondoka kuelekea basini.

Beryl alilia kwa sauti, akiwa na soksi mkononi. Alilia kama mtu anayetapika, mpaka hakikubaki kitu. Kisha aliinuka akafungua mlango, akatoka na gauni la kulalia na mguu mmoja mtupu. Kibao chake kilikuwa cheupe. Alikishika kwa mikono miwili akakigeuza.

Cyril alikuwa bado hajafika mbali. Alirudi mbio, kadiri mzee wa umri ule anavyoweza kukimbia. "Unafanya nini, wewe? Geuza! Prewett anatoka sasa hivi!"

"Tangu lini, Cyril?"

"Tangu baridi. Tangu ulipounguza birika, harufu ilifika kwangu. Geuza, Beryl, nakuomba."

"Na chako nani anageuza?"

Cyril alitazama chini. "Wiki nilizolazwa na mafua alikuwa Hilary, jirani yangu. Na cha Hilary… Sote, Beryl. Ulidhani ni wewe tu?" Alinyoosha mkono kwenye kibao. "Watakupeleka Fernlea. Watatupeleka sote."

"Usiguse."

"Beryl, mama yangu…"

"Nimesema usiguse! Alinisikia, Cyril. Unaelewa? Alikuwa ananisikia."

Cyril akauteremsha mkono. Hakuelewa yote, lakini aliuona uso wa Beryl, akavua kofia akasimama kando ya mlango kama anavyosimama mtu msibani. Sala ilikwisha. Bi Prewett alitoka kanisani akivaa glovu zake, akaanza kuzunguka uwanja kama kawaida, weupe, weupe, weupe, mpaka akafika kwenye kona ya Beryl akasimama. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Beryl alikuwa amerudi ndani, amekaa kwenye kiti, anamtazama. Lakini kibao kilikuwa cheusi, na Bi Prewett alifuata alichofundishwa: alivua glovu, akabisha kwenye fremu.

"Ingia, Bi Prewett," Beryl alisema. "Nitakwambia nani aligeuza kibao cha Noreen."